Kama kompyuta inawaletea Sony faida, kwa nini sisi wa Lubumbashi tulifungiwa mlango?

Ndugu zangu, nimechoka kusoma kila wiki ubishi uleule kwamba Sony wanajichimbia kaburi kwa kuiuza michezo yao kwa wenye kompyuta pia. Wanaodai hivyo wanapiga hesabu kana kwamba kila mtu duniani ana PlayStation 5, mashine ya michezo ya Sony, sebuleni. Waje hapa mtaani Katuba. Katika chumba cha michezo kilicho jirani na kwetu kuna PlayStation 4 mbili ambazo maneti zake, vile vidude vya kuchezea vya mkononi, zimezungushiwa utepe wa fundi umeme, na vijana hulipa kwa mechi. Umeme ukikatika, mechi imekwisha, na ugomvi wa kurudishiwa faranga unaanza. Wale hawajawahi kununua chochote katika duka la Sony. Lakini wapo wanafunzi wenye kompyuta za mitumba zinazoweza kuubeba mchezo mkubwa, nami nimo, na hao ndio wateja wapya ambao mashine ya Sony haikuwafikia kamwe.

Sikatai kwamba hesabu ina upande wa pili. Mtengenezaji wa mashine, kama Sony, hukata takriban asilimia 30 ya kila mchezo wa kampuni nyingine unaouzwa katika duka lake, kwa hiyo mchezaji anayehamia kwenye kompyuta anaondoka na pato hilo lote; na kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, ni Sony wenyewe wanaokatwa, asilimia 30 mwanzoni, ikishuka hadi 20 mauzo ya mchezo yakishavuka dola milioni 50. Ndiyo maana huchelewesha: Horizon Zero Dawn ya mwaka 2017 ilifika kwenye kompyuta mwaka 2020, na God of War ya 2018 ikafika Januari 2022. Mchezo uleule ukauzwa mara ya pili, bila kuutengeneza upya toka mwanzo. Hasara iko wapi hapo? Na Helldivers 2, uliotoka Februari 2024 siku moja kwenye PlayStation 5 na kwenye kompyuta, uliuza nakala milioni 12 katika wiki 12.

Kisha wakaiharibu kazi yao kwa mikono yao. Mei 2024 walitangaza kwamba kila anayecheza Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima aunganishe akaunti ya PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya Sony ambayo haikuwahi kufunguliwa Kongo na ambayo, kusini mwa Sahara, ilikuwa Afrika Kusini peke yake. Mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, yetu ikiwemo. Wachezaji walipiga kelele dunia nzima, na amri ikafutwa baada ya siku chache tu. Mlango wa duka, hata hivyo, ukabaki umefungwa. Mwezi huohuo Ghost of Tsushima nao ukaondolewa katika nchi hizohizo kabla hata haujatoka, ingawa akaunti ilihitajika kwa sehemu ya kucheza na wenzako mtandaoni, na mtu anayetaka kuicheza hadithi peke yake hakuihitaji hata kidogo.

Najua mtanijibu: jiandikishe kama Mfaransa, au utumie anwani ya binamu aliyeko Liège. Wengi hapa hufanya hivyo, na nusu ya jiji, kwa mujibu wa akaunti zao, inaishi Ubelgiji. Lakini kudanganya nchi unayoishi ni kuvunja masharti ya huduma hiyo, na siku akaunti itakapofungwa pamoja na michezo uliyoilipia, utamlalamikia nani?

Januari 2025 Sony walikubali kwamba akaunti haitakuwa ya lazima kwa baadhi ya michezo, God of War Ragnarök ukiwemo. Maana yake kufuli hilo halikuhitajika tangu mwanzo. Basi anayeshikilia kwamba kompyuta inawaibia Sony wateja anionyeshe mmoja tu wa Lubumbashi aliyeibiwa, nami nitamwonyesha waliofukuzwa dukani na Sony wenyewe, dola zikiwa mkononi.