Naomba ushauri: nirudishe amplifaya ya besi au nitengeneze?

Habari zenu wakuu. Jumamosi nilinunua amplifaya ya gitaa la besi Kariakoo, mtumba, kwa 480,000. Wati 100, spika ya inchi 15. Dukani tuliijaribu kwa sauti ya chini, ikalia safi.

Kanisani, nusu saa tu ya mazoezi, ikaanza kuvuma hata nikichomoa waya wa gitaa. Nikipiga uzi mnene wa gitaa, spika inakwaruza kama karatasi iliyochanika. Fundi wa mtaani anahisi ni kapasita (vile vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme) zimechoka, lakini hajaifungua. Akiifungua tu, muuzaji haipokei tena. Amenipa siku 7, na atakata 50,000.

Hela yenyewe ni ya kwaya, tumechanga miezi minne. Mvumo unatengenezeka, spika ndiyo inanitia hofu. Mliowahi kubadilisha spika, mngefanyaje?