Haidrokwinoni, dawa ya kufifisha madoa ya ngozi: ifutwe kabisa, au ibaki kwa cheti cha daktari?

Mfamasia_Mza: Kwenye vipodozi hapa Tanzania imekatazwa, na ni haki. Wanaotaka iondoke hata famasi ndio napingana nao. Mama aliyepatwa na melasma baada ya ujauzito, mashavu yote madoa, tumwambie avumilie? Dozi yake inajulikana: asilimia 4, usiku, juu ya madoa tu, wiki 12 kisha anaacha. Kipimo ni mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza, kama nusu gramu. Inazuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, kwa hiyo usitegemee mabadiliko wiki ya kwanza.

Mkaguzi_Vipodozi: Ndugu mfamasia, hiyo ni dozi ya karatasini. Mtaani kuna mkorogo: haidrokwinoni, klobetasoli (steroidi kali ya kupaka), pengine na zebaki, vyote ndani ya kopo lisilo na lebo. Unapakwa mwili mzima asubuhi na jioni, miaka. Klobetasoli inafanya ngozi kuwa nyembamba, michirizi inajaa mapajani, na akiacha ghafla uso unawaka moto na vipele juu. Zebaki inaua figo. Haidrokwinoni yenyewe, Afrika Kusini iliikataza kwenye vipodozi mwaka 1990 baada ya kuona okronosisi nyingi, yaani weusi unaoletwa na krimu hiyo hiyo.

Daktari_wa_Ngozi: Hiyo okronosisi ndiyo inayoniumiza. Weusi wa bluu-kijivu kwenye mifupa ya mashavu, na vipele vidogo mfano wa punje za ulezi. Mgonjwa anadhani melasma imerudi, anaongeza krimu, na krimu ndiyo inayoukoleza. Doa lililokuwa limefifia likianza kukolea tena ukiwa bado unapaka, acha siku hiyo hiyo umwone daktari. Kuliondoa ni kazi ngumu mno.

Mengi yanaharibikia kwenye jua. Kinga jua ya SPF 30 isiyo na rangi haitoshi kwa ngozi zetu, maana hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho unakoleza melasma. Chukua yenye rangi ya kahawia, ile yenye oksaidi ya chuma, urudie kila baada ya saa 2 ukiwa nje. Na krimu iliyogeuka kahawia kwenye tyubu imeshaoksidika, itupe. Mjamzito asiiguse haidrokwinoni, yeye apewe asidi ya azelaiki.

Mkaguzi_Vipodozi: Kama azelaiki ipo, na okronosisi haileti, tunang'ang'ania nini?

Daktari_wa_Ngozi: Inakwenda polepole, dada, na kuna madoa yanayoigomea. Marekani nayo tangu 2020 haiuzi haidrokwinoni bila cheti, lakini haikuifuta.

Mfamasia_Mza: Ugumu wetu ni kwamba tangu 2019 vipodozi viko TBS, shirika la viwango, na dawa ziko TMDA, mamlaka ya dawa, na kiambato ni kile kile. Basi tudhibiti kwa hesabu. Nusu gramu kwa usiku 84 ni gramu 42: tyubu 2 za gramu 30 zinatosha na kubaki. Anayekuja kutaka ya tatu kabla wiki 12 hazijaisha hapaki madoa, anapaka mwili. Cheti kibaki famasi, tarehe na idadi viandikwe, na huyo asiuziwe.

Mkaguzi_Vipodozi: Kwa masharti hayo, famasi nakubali. Kopo lisilo na lebo, hata moja lisibaki sokoni.