Huyu "mchambuzi" wetu wa Bombo kanichosha, leo nasema

Jamani, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule ambaye hata ukifungua soda lazima akwambie ulikosea mkono.

Leo jioni kwenye chesi nimefungua na g4, yaani kitunda cha g2 nimekisukuma miraba miwili mbele. Ndiyo, g4, mtanifanya nini? Una mwenyewe huu ufunguzi, Henri Grob wa Uswisi, na Basman wa Uingereza kawachezea mabingwa. Mchezo ukaisha, tukakaa na mwenzangu tuuchambue taratibu. Mara huyo! Hata salamu hakuna. Kanyoosha kidole, kinang'aa mafuta ya rolex (chapati ya mayai), kakisukuma kitunda changu kutoka g4 mpaka g2, pale kilipoanzia. "Haya, sasa anzeni mchezo."

G2! Mbele za watu! Mpaka mama wa chapati kacheka, na chesi haijui.

Skara, Sweden, 1980, Karpov, bingwa wa dunia, kasukuma e4, Miles wa Uingereza akamjibu a6, kitunda cha pembeni, na kumpiga. Nani alikirudisha kile kitunda a7? Nani?

Tena kwa kidole kimoja. Kitunda mpaka sasa kinateleza.

NgomeMbovu: Ulishinda?

Mwenye uzi: Tunazungumzia adabu hapa.

FarasiWaArua: Kapigwa huyo 😂 Miles ni Miles, ndugu yangu, wewe unauza vocha.

Mwenye uzi: Ngome yake niliila! Alicheza d5, nikaweka askofu g2, akala g4. Nikasukuma c4, tamaa ikamshika akala tena, askofu wangu huyooo b7, ngome ya a8 haina pa kwenda!

KitundaPweke: Katoa farasi d7, ukala ngome, malkia akamla askofu wako palepale a8 na kuikodolea macho ngome yako ya h1. Nilikuwepo. Endelea kusimulia, mzee.

Mwenye uzi: Kwa hiyo ndiyo nirudishiwe kitunda g2???

DadaWaJinja: Shukuru una askofu. Seti yetu huku askofu mweusi ni kizibo cha soda. Watu wanakisahau, kinawamaliza kimyakimya.

NgomeMbovu: Na saa je? Kuna mtu kaazima saa yetu ya chesi tangu Idi. Yumo humu, anasoma.

FarasiWaArua: Saa nilirudisha. Betri ndizo zilibaki kwenye redio.

DadaWaJinja: Redio ya nani?

Mwenye uzi: Jamani, g2!

NgomeMbovu: Subiri kwanza. Farasi, betri zilikuwa mpya.