Juu ya nini virusi ya epatite C inakataa seli za panya?

Bio_Bkv: Jambo wakubwa. Nasoma biomedikali hapa Bukavu, niko natayarisha seminere ya epatite C. Kila pahali banasema virusi hii inashika mutu na shimpanze basi, panya hapana, lakini tena nasoma kama batu ba labo banaiingiza mu seli za panya. Njo kusema nini? Ni mulango tu inakosekana ao iko kitu ingine ndani?

Yaya_Labo: Dogo, mulango ni mwanzo tu. Kuingia mu seli ya maini virusi inataka protini ine: CD81, SCARB1, klodini na okludini. Panya iko nazo zote, lakini CD81 na okludini yake hazifae. Mu 2009 timu ya Charles Rice (ule wa Nobel ya 2020, pamoja na Alter na Houghton) ilionyesha kama ukiweka hizo mbili za mutu, seli ya panya inakubali virusi iingie. Ila kuingia na kuzaana si kitu kimoja!!

KadutuBio: Naongeza hapo. Virusi ikiisha ingia inatafuta mikroARN-122, kipande kidogo cha ARN ya seli yenye kuwa mingi mu maini, inashikamana nayo ili ARN yake (jeni za virusi) isiharibike. Kama unatumia fibroblasti ya panya (seli ya kawaida, si ya maini) unaiweka weye mwenyewe. Halafu intaferoni, kinga ya seli yenyewe, inaizima virusi mbio, njo maana batu banachukua seli zenye zimetoshwa IRF3 ao STAT1, jeni za kuendesha ile kinga. Na kwa kutoka tena inataka ApoE, protini ya kubeba mafuta, bila ile haupate virusi yenye kuambukiza wengine. Tena angalia, kazi nyingi za labo zinatumia JFH-1, virusi yenye ilitoka kwa mugonjwa mumoja wa Japani, ni aina ya 2, na hapa kwetu Afrika ya Kati aina ya 4 njo inatembea. Mimi ningeandika ile mu seminere, batu banaipitaka tu.

MamaFamasi: Sasa mie nauliza, dawa si iko? Sofosbuvir na wenzake zinaponyesha zaidi ya 95% ya bagonjwa, wiki 12 ao hata 8. Panya ya nini tena?

Yaya_Labo: Mama, vaksini. Mpaka leo hakuna, na mutu mwenye amepona anaweza kushikwa tena. Shimpanze nao, NIH, shirika ya utafiti wa afya ya serikali ya Marekani, iliacha kuwatumia mu 2015. Seli za panya zinatuonyesha virusi inakwama fasi gani, kisha unatengeneza panya muzima mwenye jeni hizo.

Bio_Bkv: Aksanti sana ba yaya. Lakini ukitosha STAT1 ili virusi ikue, ule panya utapimia vaksini namna gani na kinga yake umeisha haribu?

Yaya_Labo: Haha, hapo njo prof atakubana. Andika vile vile, na ndiyo shida yenyewe.