Mwanafunzi wa SAT amekwama kwenye 1120, zimebaki wiki 10. Nibadilishe nini?

chaki_nyeupe:
Wakuu, habari za kazi. Nina mwanafunzi wa tuisheni anayejiandaa na SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuo vikuu vya Marekani. Amefanya majaribio matatu ya Bluebook, programu rasmi ya mtihani huo, kwa wiki tatu mfululizo: 1110, 1130, 1120. Hili la mwisho Hesabu ni 610, Kusoma na Kuandika 510. Tunakutana mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila kipindi. Tunapitia alichokosa swali kwa swali, anaelewa vizuri, jaribio linalofuata anakosa yaleyale. Tatizo liko wapi?

Mlinganyo:
Mkuu, kwanza simamisha majaribio kamili. Yale ya Bluebook ni machache, na ndiyo yanayokwenda kama mtihani wenyewe. Ukiyamaliza sasa, wiki ya nane utakuwa unampima kwa maswali anayoyakumbuka. Moja kila baada ya wiki tatu linatosha. Katikati tumia benki ya maswali ya College Board, wenye mtihani: unachuja kwa mada na kwa ugumu, na unaweza kuyaondoa yale yaliyomo kwenye majaribio. Halafu 1110, 1130 na 1120 ni kama alama ileile, tofauti ni ndogo mno. Usimwambie mzazi kwamba mtoto kapanda au kashuka.

Hilo la "anaelewa" ndilo linalokupoteza. Anaifuata njia yako ukiwa mbele yake, ila hajaitoa kichwani mwake. Aanzishe daftari la makosa. Kila swali aandike mambo matatu: jibu alilochagua na kilichomvutia, neno ndani ya swali linalolikataa jibu hilo, na hatua ya kwanza atakayochukua akikutana na swali la namna hiyo. Baada ya siku tatu alifanye upya kwenye karatasi tupu, kisha baada ya siku kumi. Akikosa, halitoki daftarini.

Na makosa yapange kwa chanzo, usiyapange kwa mada: hajui kanuni, kasoma vibaya, au muda umemwishia. Mfano: 3x + 5 = 20, tafuta 6x. Anayejibu 5 anajua aljebra, ila kaishia njiani, kwani jibu ni 30. Ukimrudisha kwenye somo la milinganyo umepoteza kipindi. Aandike "6x = ?" kabla hajaanza kuhesabu, basi.

kalamu_2B:
Nakubaliana na Mlinganyo. Mimi nitaongelea hiyo 510, maana ndiko kwenye alama za kuokota. Anza na sarufi na uakifishaji. Ni kama robo ya maswali ya sehemu hiyo, na kanuni zake zinahesabika, tofauti na vifungu vya kusoma ambavyo huchukua muda mrefu kuboreka.

Msingi ni kukitambua kishazi huru, yaani maneno yanayoweza kusimama yenyewe kama sentensi kamili. Vishazi huru viwili vya Kiingereza hutenganishwa kwa nukta, kwa nukta-mkato (;), au kwa mkato pamoja na kiunganishi kama and au but. Mkato peke yake ni kosa. Mtego mkubwa ni however: wengi wanaichukulia kama but, wanaweka mkato kabla yake na kusonga. Nukta-pacha (:) nayo inadai kishazi huru kamili kabla yake. Kinachofuata kinaweza kuwa orodha au hata neno moja. Kuna mbinu ya haraka pia: machaguo mawili yakifanana kila kitu, moja lina nukta na jingine nukta-mkato, yote mawili futa, kwa sababu kazi yake ni moja na jibu sahihi ni moja tu.

Muda: kila sehemu ya mtihani ina moduli mbili, na hapa moduli moja ina maswali 27 kwa dakika 32, yaani kama sekunde 71 kwa swali. Sarufi hukaa baada ya vifungu vingi vya kusoma. Kama huwa anaifikia akiwa anahema, aanze nayo, kisha arudi swali la 1. Ila ajaribu utaratibu huo nyumbani kwanza. Wengine wanachanganyikiwa na kuacha maswali matupu. Hakuna adhabu ya kukosa, kwa hiyo kuacha tupu ni kutupa alama.

Grafu:
Kwenye Hesabu kumbuka moduli ya kwanza ndiyo inayoamua ugumu wa ya pili. Akipangiwa nyepesi, kuna dari asiloweza kulivuka hata apate zote. Kwa hiyo kwa wa 610, uzembe kwenye maswali rahisi ya moduli ya kwanza ni ghali kuliko kushindwa yale magumu ya mwisho. Maswali 22, dakika 35: abakize dakika nne za kuhakiki.

Mfundishe Desmos, kikokotoo cha grafu kilichomo ndani ya Bluebook, hasa kutafuta makutano ya grafu mbili, na jedwali lenye y1 ~ mx1 + b pale anapopewa pointi na kutakiwa mlinganyo. Lakini asiifungue kwa kila kitu. Mfano: x² − 6x + c = 0 ina suluhisho moja tu, c ni ngapi? b² − 4ac = 0, 36 − 4c = 0, c = 9. Kwa mkono ni sekunde kumi.

Maswali ya kuandika jibu yana kosa lake. Tatu na nusu iandikwe 3.5 au 7/2. Ukiingiza 3 1/2 inasomeka 31/2. Theluthi mbili ni 2/3, au .6667, au 0.667. Ukiweka .67 umekosa.

chaki_nyeupe:
Asanteni sana. Daftari tunaanza kipindi kijacho. Mzazi anauliza kama mtoto ahamie ACT, ule mtihani mwingine wa kuombea vyuo vya Marekani.

Mlinganyo:
Mpe jaribio moja kamili la ACT kwa kumpimia muda, kisha linganisha alama zake na za SAT kwa jedwali rasmi la ulinganifu. Zisipopishana sana, abaki alipo. Wiki 10 ni chache kuzoea mtihani mwingine. Na vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu kutoka tarehe tofauti, kwa hiyo kama kuna nafasi ya tarehe ya pili, mwandikishe mapema. Siku chache kabla ya mtihani akamilishe maandalizi ndani ya Bluebook kwenye kompyuta ileile atakayokwenda nayo, na chaji iwe imejaa. Mtihani ni saa 2 na dakika 14 bila kuhesabu mapumziko.