Tupeane uzoefu: uliwahi kupaka ngazi ya mbao ifanane na sakafu? Ilitokaje?

Mninga wa Moshi (mwenye uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Nipo Moshi, nyumba ya zamani ya marehemu mzee. Sebuleni kuna sakafu ya pakiti ya mninga, ile ya vipande vidogo vilivyopangwa kama mkeka, imekolea kahawia yenye wekundu hadi wageni wanavua viatu bila kuambiwa. Ngazi ya kwenda juu ina vidato 14, na ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta ya kijivu. Tukaibandua, chini yake tukakuta saiprasi.

Nikamwambia fundi nataka ifanane na sakafu. Akaenda dukani, akaangalia kadi ya rangi, akarudi na kopo limeandikwa mahogani. Sikukuu ilikuwa inakaribia, tukapaka vidato vyote siku moja. Asubuhi nafungua pazia, naona zambarau! Katikati mabaka, vifundo vimebaki vyeupe, na ncha za upande wa reli, pale ubao ulipokatwa, nyeusi kama zimeungua. Mke wangu akapita, akauliza nani kamwaga juisi ya choya.

Nataka kurudia. Kabla sijatoa hela tena, waliopitia haya njooni.

Mji wa Kale

Pole ndugu yangu. Yetu Mombasa ilikuwa kinyume. Ngazi ni mvule wa tangu enzi za babu, na vidato vitatu vilikuwa vimebonyea katikati kwa kukanyagwa. Tukaweka vipya, mvule vilevile, na vikatoka manjano kama embe. Kijana wa fundi akataka kuvipaka rangi viwahi wenziwe. Mzee mmoja jirani akamzuia: "Mvule haupakwi, mvule hungojwa." Tukapaka vanishi tupu. Dirisha liko hapo hapo, mwanga unaingia kutwa, na vikaendelea kukoza polepole. Leo ukiniuliza ni vipi vitatu, nami huinama kutafuta. Tungevipaka siku ile, hivi sasa vingekuwa vyeusi kuliko vyote.

Ila vumbi la mvule msilichezee. Nilisimama pale bila barakoa nikijidai msimamizi. Macho yalinitoka machozi siku mbili na shingo ikawasha kama nimepakwa upupu.

Fundi Mstaafu

Mwenye uzi, usimlaumu fundi peke yake, haraka ilikuwa yako. Nimeshika randa miaka 22 na hili nimeliona mara nyingi.

Ile kadi ya dukani haijui mbao yako. Saiprasi ni laini, hapa inakunywa rangi, pale inakataa. Piga kwanza sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao) nyepesi uliyoizimua kwa thina, ikauke, uipitishie msasa kidogo, ndipo uje na rangi. Zile ncha zilizokatwa zipige msasa laini zaidi, maana ndiko vinyweleo vya mbao vimefunguka.

Namba ya msasa nayo ina siri. Mtu anapiga sakafu na namba 120, kisha kwa mapenzi anapiga ngazi na 220. Msasa laini unaziba mbao, rangi inashika kidogo, halafu anashangaa kopo moja limetoa rangi mbili. Jaribio pia lifanye kwenye saiprasi hiyohiyo, kipande kilichobaki au chini ya kidato, kwenye stoo ya ngazi. Kipake na vanishi mikono miwili, yaani mara mbili, maana rangi bila vanishi ni nusu ya habari. Kiweke juu ya pakiti, kitazame asubuhi, kisha usiku taa ikiwaka.

Na paka kidato kimoja, ruka kimoja, mpate pa kupita kwenda kulala. Kuna bosi wangu alilala sebuleni siku mbili.

Dada wa Ohio

Hilo la vanishi limenigusa! Sakafu yetu huku ni mwaloni mwekundu. Tuling'oa zulia la ngazi, nikachomoa pini za stepla kwa koleo jioni tatu, chini nikakuta paini. Nyumba ni ya kabla ya 1978, mwaka ambao Marekani ilipiga marufuku rangi zenye risasi majumbani, kwa hiyo tulipima rangi ya zamani kabla ya kugusa msasa.

Rangi tuliipata vizuri kabisa. Kosa likaja mwishoni. Sakafu ina vanishi ya poliyurethani ya mafuta, ambayo imegeuka manjano ya asali kadiri miaka inavyopita. Mimi, kwa kuogopa harufu, nikanunua ya maji, inayobaki angavu kama kioo. Ngazi ikatoka baridi, kama si ya nyumba ile. Tulirudia vidato. Mbao za kusimama, zile za kati ya kidato na kidato, tukazipaka nyeupe, na kwa kweli hapo jicho liliacha kulinganisha.

Mama Kibandiko

Mimi fupi tu. Ngazi yangu ilisuguliwa nta miaka mingi. Nikapaka vanishi juu yake bila kuitoa kwa tapentaini, ikajikunja matone matone kama mafuta kwenye supu. Ilibidi kukwangua yote.

Mninga wa Moshi

Asanteni wote. Nimeingia stoo ya ngazi na tochi, nikapiga msasa mahali pa upana wa kiganja chini ya kidato cha tatu. Nimegawa sehemu nne: mahogani peke yake, mahogani na kahawia nusu kwa nusu, kahawia tupu, na kahawia juu ya sila. Ya nne, hata bila vanishi, imeanza kunitazama vizuri. Mama watoto kakataa kutoa maoni mpaka jua litoke.