Re: Kambi, joto na hela zangu

Mama Nuru, Phoenix:
Wakubwa shikamooni. Nimelipia kambi siku tatu, sasa imetoka Extreme Heat Warning, onyo la joto kali, wikiendi nzima, nyuzi 46. Nimepiga simu ofisini nirudishiwe hela, dada wa watu ananijibu kambi iko wazi, onyo si amri ya kufunga. Nina pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa. Hainisaidii? Watoto wameshafungasha.

Mzee wa Pangani, Tucson:
Marahaba. Pasi ni ya getini, kulala unalipia mwenyewe. Yule kijana aliyeandika humu kwamba pasi inalipia yote, hadi kulala, alipotosha watu.

Sele, Dallas:
Shikamoo mzee. Kijana ni mimi, na sikusema hivyo. Nilisema pasi ya Access, ya wenye ulemavu, hupunguza nusu ya ada kwenye kambi nyingi, na mbuga za jimbo hazimo. Tusome kabla ya kulaumu. Sisi mwaka jana tulilala hemani hapa Texas mwezi wa nane. Saa sita usiku bado nyuzi 32. Mke wangu akahamia kwenye gari na AC, asubuhi tenki liko robo na haongei na mimi.

Zawadi, Flagstaff:
Dada, panda huku. Tuko mita 2,100, jioni tunavaa sweta. Ila ulizia kama kuna Stage 2, katazo la moto msituni. Ikiwepo, kuni marufuku, mkaa marufuku, labda jiko la gesi la kuzima kwa swichi. Mishikaki mtaiota tu.

Mzee wa Pangani:
Hewa ya Lushoto hiyo. Kwetu Pangani kuna fukuto, lakini unaliona jasho. Huku jangwani linakauka kabla hujalihisi, mtu anaanguka akidhani yu mzima. 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo juu ya nyuzi 43. Beba maji ya chumvi na sukari, mama.

Sele:
Mzee, Lushoto utajenga kwa hadhi maalum, ile ya Watanzania waliochukua uraia wa nje, au bado unangoja uraia pacha?

Mzee wa Pangani:
Usinichokoze. Nimelipa dola 100 za viza kwenda kumzika mama yangu.

Sele:
Samahani mzee. Pole.

Mama Nuru:
Poleni jamani. Sasa hela zangu? Ijumaa ni kesho kutwa.

Zawadi:
Kwani hema lenu ni la watu wangapi?